Kiti cha Zamu

Tse-Agera,
mwezi wa Februari.

Mpendwa Mama,

Barua hii ikukute umekaa mahali pa joto. Iember ameniambia baridi ya Jos imekushangaza, kwamba unamwogesha mtoto karibu na jiko la mkaa huku umevaa soksi za mkwe wako. Nimecheka sana. Mtoto hajambo? Kitovu kimeshapona? Na mgongo wako vipi, bado unakuuma ukiinama? Sisi huku wazima. Wajukuu zako wanakusalimu, mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, na paa la jiko lako nimelitazama mwenyewe, halivuji. Ufuta tumevuna mzuri mwaka huu. Gunia lako nimeliweka kando, na mtu yeyote asikuambie vingine.

Wewe mdogo wangu Iember unayesoma, tuelewane. Nakujua. Ukifika mahali pagumu unapenda kukohoa na kurukia sentensi ya mbele. Leo usiruke. Msomee Mama yote, polepole, kama ilivyoandikwa, na kama mumeo yuko sebuleni mwambie apunguze sauti ya televisheni.

Mama, ujumbe wako nimeupata. Umeagiza niwakusanye wanawake wa kwetu walioolewa ukoo wa Mbakosu kama mimi, niwaambie wasimwangushe mwanao Aver katika uchaguzi wa mwezi ujao. Uliniagiza mara ya kwanza kupitia Iember, mara ya pili kupitia dereva wa lori la viazi, na tangu hapo unanipigia simu nami sipokei. Nilimwambia Iember mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Tatizo ni kwamba wewe simu unaiweka sauti ya juu, majirani wote wanasikia, na jibu langu si la kupigiwa kelele. Jibu lenyewe ni kwamba sitaweza. Tulia kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unikasirikie ukitaka.

Naanza na yale unayoyajua, kwa sababu nataka uone nilivyofika hapa hatua kwa hatua, wala usifikiri niliamka asubuhi moja nikamgeuka ndugu yangu. Mimi Aver nampenda. Tuliachiana nyonyo moja, tukagombania mgongo mmoja, na ninapomwona kwenye jukwaa amevaa ile nguo yetu ya mistari myeusi na myeupe, kofia imekaa upande, moyo wangu bado unaruka.

Kabla ya siasa alikuwa sauti. Redio ya jimbo ilipofika kwenye matangazo ya vifo, nchi yetu yote ilinyamaza ili imsikie Aver. Alikuwa na namna yake ya kumtaja marehemu, na homa iliyomchukua, na wajomba zake, na nyumba alikoolewa kila binti yake, mpaka mtu aliyekufa peke yake akaonekana ana watu. Bibi mmoja wa kwetu alisema yeye hajali kufa, mradi atangazwe na Aver. Nadhani ni hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Mtu akizoea kusikilizwa na watu wote kila jioni, kukaa kimya kunamwasha mwilini.

Wanajeshi waliporudi kambini na raia wakarudishiwa serikali, koo zetu mbili zilikaa zikapatana juu ya kiti cha bunge la jimbo. Kitaliwa kwa zamu. Vipindi viwili Mbakosu, vipindi viwili sisi Mbagyura, kisha kinarudi. Hakuna aliyeandika popote, lakini hata watoto wanaochunga mbuzi wanajua. Mbakosu wakaanza, wakampeleka Tyozua. Na Aver wetu, badala ya kungoja, Tyozua alipomaliza kipindi cha kwanza tu akajitosa. Unakumbuka Baba alivyomwambia? “Wewe unatia mkono kwenye bakuli mwenzako bado anatafuna. Nani alikulea?” Aver akacheka, akasema zama hizi ni za kura, si za bakuli. Alishindwa kila mahali. Alishindwa hata hapo Tse-Gyura nyumbani. Na kesho yake, tukiwa tunakula viazi vikuu na mafuta mekundu, Baba akamwambia wazi mbele yetu kwamba yeye mwenyewe hakumpa kura yake. Aver alikuwa mtu mzima, ana mke, ana gari. Alinawa mikono, akatoka nje, na mimi nilipomfuata nilimkuta nyuma ya ghala analia kama mtoto aliyenyimwa chakula. Baba alikufa kabla ya kumwona akishinda. Nafikiri jambo hilo halijawahi kumtoka.

Zamu yetu ilipofika nilimfanyia kazi, na hilo shahidi ni wewe. Uchaguzi ule wa kwanza alioshinda, mvua ya ghafla ilivunja mtumbwi wa kuvukia, masanduku ya kura ya ng'ambo ya mto hayakufika, mpinzani akaenda mahakamani, jaji akasema ng'ambo warudie. Ng'ambo ndiko kwa Mbakosu, kwa mume wangu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na mimba ya Sesugh tumboni nikimwombea kaka yangu kura. Wakanitukana. Mama mmoja alinimwagia maji ya kuoshea mihogo miguuni, akasema nimekuja kula kwao huku nafanyia kazi kwetu. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, aliwaambia watu wake, “Mwacheni. Zamu ni yao, hata tukikasirika.” Aver akashinda kwa kura chache mno, na jambo la kwanza alilolisemea bungeni Makurdi lilikuwa daraja la mto ule. Daraja lipo. Nalipita kila siku ya soko. Watu wanaosema Aver hakufanya kitu waogelee.

Sitaacha pia muswada wake wa mazishi, ingawa watu walimcheka. Alikuwa ametangaza vifo vya kutosha kujua watu wanavyouza mashamba ili waliaji wale nyama. Akapeleka bungeni muswada wa kupunguza siku za matanga na gharama zake. Lo! Alitukanwa huyo! Sokoni wakasema, “Mheshimiwa anataka tuzikwe kama kuku.” Wengine wakasema amekasirika kwa kuwa sasa vifo vinatangazwa na mwingine. Aliuondoa, lakini kidogo umwangushe, na kipindi cha pili alikipata kwa jasho. Mimi nilimwona mtu mwema siku zile. Alijaribu jambo ambalo halikuwa na faida kwake.

Vipindi viwili vikaisha. Kiti kilitakiwa kivuke mto. Lakini unajua yaliyotokea Mbakosu: Ukpi, yule mstaafu wa forodha, akasema ni chake, Kwaghbula mwenye kituo cha mafuta akasema ni chake, na kila mmoja akaapa heri kiti kibaki Mbagyura kuliko mwenzake akikalie. Wakagawana kura, Aver akapita katikati. Kipindi cha tatu. Alivuka daraja akaja kuwaambia kwa heshima kubwa kwamba hajakula zamu yao, anawashikia tu, wakishapatana waje wachukue. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Mwaka jana mwishoni ulikuwa mkutano wa koo mbili, pale kwenye mabanda ya soko la mtoni. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda kwa Iember. Mbakosu walikuja kudai chao. Aver alisimama akiwa na afya nzuri na tabasamu lile lake. Akauliza, “Nimpe nani? Nitajieni jina.” Ukpi akasimama. Kwaghbula akasimama. Wakaanza kuelezana mambo ya mama zao. Aver akawangoja wachoke, kisha akachukua kipaza sauti, akasema kwa sauti ya matangazo, taratibu: “Ndugu zangu, hakuna haja ya kupigana. Nileteeni mtu mmoja, mmoja tu wa Mbakosu, mliyemkubali wote. Siku hiyo hiyo nitakaa chini, na jina lake nitalitangaza mimi mwenyewe kwa mdomo huu, soko hadi soko.” Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wa Mbagyura walicheka kwa sababu walijua haiwezekani. Wa Mbakosu walicheka kwa aibu.

Mimi sikucheka, Mama. Nilikuwa nimekaa na wanawake nyuma ya mabanda, na nilimtazama kaka yangu nikaona hana nia ya kutoka pale maisha yake yote.

Sasa Iember, hapa ndipo usikohoe.

Unajua sisi wanawake wa Mbakosu tuna kikundi cha kulimiana kwa zamu. Leo shamba langu, kesho kutwa la mwenzangu. Tangu niolewe sijaona zamu ya mtu ikirukwa. Hata mgonjwa tunamlimia, hata mtu mwenye mdomo mchafu tunamlimia huku tumenuna. Baada ya mkutano ule tulikuwa kwa mke wa Kwaghbula tukitengeneza matuta ya viazi vikuu, na mke wa Ukpi alikuwepo, wakawa wanalima matuta jirani bila kusemezana. Mbalamwezi, yule mwenye kucheka ovyo, akatupa jembe akasema, “Hivi waume zenu wangekuwa kwenye kikundi hiki si tungekufa njaa?” Tukacheka mpaka tukakaa chini. Mke wa Ukpi akasema mumewe amemwambia heri mbwa kuliko Kwaghbula. Mke wa Kwaghbula akajibu, “Na wangu kasema heri mwanamke kuliko Ukpi.” Wakatazamana. Mbalamwezi akasema, “Basi tuwape mwanamke.”

Ilianza kama mzaha. Lakini mzaha ule ulikwenda nyumbani na kila mmoja wetu, ukalala vitandani, ukaamka, na baada ya siku chache wanaume wakaanza kuuliza, mwanamke gani? Wakatafuta asiye wa upande wa Ukpi wala wa Kwaghbula. Asiye na mume wa kumwelekeza. Anayejua kusimama mbele ya watu. Anayeweza kumkabili Mheshimiwa bila kutetemeka, kwa kuwa amemwona akiwa uchi akioga mtoni.

Mama, mtu huyo ni mimi.

Mbakosu wamenisimamisha mimi, Nguwasen wako, kugombea kiti cha Aver. Nimekubali. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenidanganya. Nilikaa na neno lile moyoni, nikaenda kaburini kwa mume wangu nikamwambia, nikarudi nikasema ndiyo. Sababu yangu ni moja: zamu ni yao, nami ni mtu wao, na hao ndio wameniomba.

Kama umeanza kulia, Iember akupe maji kisha aendelee, maana kuna mambo mawili bado.

Jambo la kwanza ni lililoniumiza. Mbakosu walipopeleka jina langu mbele ya koo mbili, nilidhani Aver angecheka, angenikumbatia, angetimiza neno lake. Badala yake watu wa Mbagyura walisimama mmoja mmoja wakasema huyu si wa Mbakosu, huyu ni binti yetu. Mheshimiwa alitaka mtu wa Mbakosu; mmemletea dada yake mwenyewe; kwa hiyo hamjaleta mtu. Na Aver akakubali hoja hiyo kwa kutikisa kichwa. Mama, mimi! Aver aliyenifukuza kwenye kikao cha mazishi ya Baba nilipotaka kusema ng'ombe yupi achinjwe! “Wewe ni mtu wa Mbakosu,” aliniambia siku ile mbele ya wajomba, “haya ya kwetu yanakuhusu nini?” Nilipotaka kipande cha shamba la bondeni nipande mpunga, mlisema nina shamba kwa mume wangu. Kila nilipokuja kwenu mlinipa kiti cha wageni. Leo kwa mara ya kwanza tangu nitolewe mahari mmekumbuka kwamba mimi ni wenu, na mmekumbuka ili nisipewe kitu. Nasema “mmekumbuka” kwa hasira, najua wewe hukuwepo. Nisamehe. Na huku nako si mteremko. Wapo wa upande wa Ukpi wanaonong'ona kwamba nimepandikizwa na kaka yangu niwachezee. Nimekuwa mgeni wa nyumba mbili. Nikasimama pale pale nikawaambia, nina watoto wanne wenye jina la Mbakosu na kaburi moja ninalolipalilia huko. Kama hiyo haitoshi, mnitajie kinachotosha. Lakini chama chake cha Taa kilibaki na Aver, kama ulivyotegemea. Mbakosu wakanichukua wakanipeleka chama cha Mtungi, kile kidogo, chenye ofisi kwenye duka la kinyozi.

Jambo la pili ni Aver mwenyewe. Alikuja kwangu Jumapili iliyopita baada ya ibada, bila dereva, bila vijana wake, kwa miguu kutoka darajani. Nilikuwa namenya machungwa. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa, mahali anapokaa Sesugh. Nikampa chungwa, akalila lote na mbegu zake. Kisha akauliza, “Ngu, wewe ndiye wa kunifanyia hivi?” Nikamwambia, “Ulitaka mtu mmoja.” Akasema, “Nilitaka mtu. Sikutaka wewe.” Tukagombana hapo kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Nilimwambia muongo. Akaniambia mimi siku zote namwonea wivu, tangu viatu vile vya Krismasi. Nikamwambia viatu vile vilikuwa vyangu. Akasema, “Basi nitakurudishia viatu, uniachie kiti.” Tukacheka, Mama. Hatukutaka, lakini tulicheka.

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia nisimwambie mtu, na mimi nakuambia wewe kwa kuwa wewe si mtu, wewe ni Mama. Alisema kila alfajiri anapokuwa nyumbani, kabla hajafungua macho, anasikia watu nje ya lango. Wanakohoa, wanasalimiana, wanangoja. Huyu ana mgonjwa, yule ana mtoto anayetaka chuo, mwingine hana haja yoyote, amekuja tu aonekane. Mkewe anachukia. Yeye alisema bila sauti ile hawezi kuamka. Alimwona Tyozua baada ya kutoka bungeni; alipita kwake siku moja akamkuta anafagia uwanja wake mwenyewe, langoni hakuna hata mbwa. Akaniuliza, “Nikiacha, Ngu, nani atakuja asubuhi?” Nikamwambia mimi nitakuja. Akanitazama, akasema, “Wewe utakuwa na lango lako.”

Nilimwonea huruma hata nikataka kumwambia chukua, kaa nacho, ufe nacho. Maneno yalifika ulimini. Lakini nilikumbuka kwamba miaka minane Tyozua alikaa, kumi na miwili Aver amekaa, na ng'ambo kwetu watoto waliozaliwa siku daraja linajengwa hawajamwona mtu wa kwao akisimama bungeni. Nikamenya chungwa lingine nikampa. Akala. Akainuka, akafuta mikono kwa leso yangu, na akiwa mlangoni akauliza, “Mama umemwambia?” Nikasema bado. Akasema, “Wala mimi.” Tukatazamana kama watoto waliovunja mtungi. Nikamwambia yeye ndiye mtangazaji, atangaze. Akakataa. Alisema ametangaza vifo elfu na elfu bila kutetemeka, lakini hili hana sauti nalo. Ndiyo maana unasomewa barua yangu.

Tangu siku hiyo tunapishana barabarani na misafara yetu. Wake ni wa magari, wangu ni wa pikipiki na wanawake wanaoimba. Wake ukitupita vijana wanatuzomea, “Mtungi umepasuka!” na Mbalamwezi anawajibu, “Taa yenu imeisha mafuta, ndiyo maana mnapayuka gizani!” Aver akiwa garini huniinulia mkono kidogo, chini ya kioo, watu wasione. Nami humwinulia. Kushinda sijui. Watu wengi wanamtaka yeye, kwa sababu ya daraja, na kwa sababu sauti yake wameizoea masikioni. Wengine wananitaka mimi. Kwenye mashine yangu ya kusagia wateja wamegawanyika sawa kwa sawa, kelele kutwa kucha, na unga unamwagika.

Sasa ombi langu. Iember aliniambia umeshaagiza nafasi kwenye lori la viazi ili uje upige kura Tse-Gyura, umpigie mwanao, kisha urudi kwa mjukuu. Mama, nakuomba kwa magoti, usije. Kituo chenu ni kile cha uwanja wa shule, watu wa pande zote watakuwa wamepanga mistari, na kila jicho litakufuata hadi kwenye kile kibanda. Ndani utapewa karatasi. Hakuna sura zetu humo, kuna taa na kuna mtungi, na wino wa kuchovya kidole. Utatakiwa uweke kidole kwa mtoto mmoja.

Aver anataka uje. Siku ile ya machungwa alinituma nikuambie hivyo, na ninakuambia ili nisimfiche. Ana hakika kura yako ni yake.

Mimi pia nina hakika ni yake. Nimekuwa nayo hakika hiyo tangu utotoni na nimeishi nayo vizuri, nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Lakini sijawahi kuiona kwa macho, imekunjwa mara mbili, inaingia kwenye sanduku. Kura ni moja tu, Mama, haitaniangusha. Naogopa kuijua. Kaa Jos. Mwogeshe mtoto. Niachie niendelee kutojua.

Msalimie sana shemeji, na umwambie soksi zake tutamlipa kwa ufuta. Mbusu mtoto kwa niaba ya mama yake mkubwa. Mbuzi wako nitawatunza wote watatu, nishinde au nishindwe. Ukiniombea, niombee kwa jina langu. Na Aver mwombee kwa lake. Nitapokea simu yako sasa, ukipiga. Hata ukipiga kwa sauti ya juu, majirani wakisikia, nitapokea.

Ni mimi mwanao,

Nguwasen.